Mabakuli Saba ya Bi. Geng Peilan

Bi. Geng Peilan anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na minne katika Makumbusho ya Marubani ya Baiyun, hapa pembeni mwa Tainan. Ofisi ya mkurugenzi imeniomba niandike maneno machache, mafupi na ya kuchangamsha, yachapwe kwenye ratiba ya sherehe. Ufupi nitajaribu. Uchangamfu utategemea nitafika wapi kabla hasira hazijanipanda.

Dada Geng, kama sisi wa karakana tunavyomwita, alianza kwa kukata tiketi. Baadaye akawa mwongoza wageni, na wageni walimwogopa. Aliwahi kumkaripia jenerali mstaafu aliyeegemeza kiwiko kwenye meza ya bwalo. "Baba, hapo wanakula watu," alimwambia. Jenerali akatazama viti vitupu, akaviomba radhi. Mwaka uliofuata alirudi na boksi la mabalungi, akasimama mbali na meza, mikono nyuma.

Meza hiyo ndiyo roho ya makumbusho yetu. Baba yake, Mzee Geng, alikuwa mpishi wa kikosi cha marubani kule Sichuan, wakati wa vita na Wajapani. Kikosi kilikuwa na desturi yake: rubani akiitwa kwenda kuruka, alifudikiza bakuli lake mezani, mdomo chini. Akirudi, aliligeuza mwenyewe, akapakuliwa wali. Hakuna aliyeruhusiwa kugusa bakuli la mwenzake, hata mpishi. Siku moja waliruka wanane, akarudi mmoja, Kapteni Shao Liwen. Vita vya ndugu vilipofuata na jeshi likahamia hapa kisiwani, Mzee Geng aliyafunga mabakuli yote ndani ya shuka, akavuka nayo bahari. Hapa ukumbini yalipangwa kama yalivyokuwa siku ile, moja limegeuzwa, saba mdomo chini. Yakakaa hivyo mpaka mwezi Machi.

Machi alikuja mkurugenzi mpya, Bwana Kuo, ambaye nadhani ameketi mstari wa mbele akisoma karatasi hii. Karibu, mkurugenzi. Bwana Kuo anapenda marubani mabingwa, yaani wale walioangusha ndege tano za adui au zaidi, na Kapteni Shao aliangusha tisa. Akaujaza ukuta mzima picha yake. Kisha akaagiza mabakuli yote yaoshwe, yawekwe mdomo juu na kujazwa tambi za plastiki, ili watu wakae wapige picha wakijifanya wanakula na bingwa.

Dada Geng alizikuta tambi hizo asubuhi. Mimi nilikuwa juu ya ngazi nikisugua bawa la ndege, kwa hiyo nilisikia kila kitu.

"Nani kayagusa haya?" aliuliza.

"Dada, tusigombane," Bwana Kuo akasema. "Hawa saba waliangusha ndege ngapi?"

"Wawili waliangusha moja moja. Wengine hawakuangusha kitu."

"Si unaona? Nani atalipa kiingilio aje kuangalia sifuri?"

"We mtoto wa watu! Shao alipokuwa anamkimbiza adui mbele, nyuma yake nani alimlinda? Mama yako?"

Tambi ziliruka. Moja ilining'inia kwenye miwani ya mkurugenzi, nami nikashuka ngazi upesi nisije nikaanguka kwa kicheko. Jioni kicheko kiliisha, maana Dada Geng alihamishiwa kaunta ya kutunzia mizigo ya wageni. Miaka thelathini na minne, halafu akapokee miavuli! Miezi yake ya mwisho kazini hakuruhusiwa kukanyaga ukumbi anaoujua kuliko sebule yake. Nimekasirika. Na sioni sababu ya kuficha.

Kapteni Shao mwenyewe hakuwahi kujiita bingwa. Alikuja hapa kila Qingming, siku ya kusafisha makaburi, mpaka uzee ulipomfunga miguu. Wale saba hawana makaburi, waliangukia mitoni na milimani, basi alikuja kwenye meza. Aliweka mkate wa mvuke kando ya kila bakuli, akaketi mbele ya lake, wala hakula. Dada Geng alimuuliza kwa nini hali. "Nitaanzaje, na wenzangu hawajarudi?" akajibu. Bwana Kuo, huyo ndiye uliyembandika ukutani.

Tangu Aprili, kila asubuhi kabla ya milango kufunguliwa, kuna mtu anayetoa tambi na kuyafudikiza mabakuli saba. Kila adhuhuri yanageuzwa tena kwa amri. Mkurugenzi ameuliza ni nani. Mfagiaji alisema upepo. Mlinzi alisema paka. Mhasibu, ambaye hajawahi kutania tangu azaliwe, alisema labda ni marubani. Naandika hapa hadharani: ni sisi sote, kwa zamu. Tunajua bakuli la mwenzio haliguswi, kwa hiyo kila asubuhi tunawaomba wenyewe radhi kwanza.

Dada Geng, asante kwa ukali wako. Asante kwa kutufundisha kwamba ukumbi wa mashujaa si mahali pa kuhesabu nani aliangusha ngapi. Tunakutakia afya, usingizi mzuri wa mchana, na majirani wavumilivu utakapowafunga kwenye mchezo wa mahjong bila huruma. Yale saba tuachie sisi. Anayetaka yabaki mdomo juu aanze kwa kutufukuza wote, kuanzia karakana.

Na bakuli lako la kantini, lile la buluu lenye ufa, ulilisahau kwenye rafu Ijumaa. Tumelifudikiza kwenye meza ya kantini, mahali pako. Hakuna atakayeligusa. Rudi uligeuze mwenyewe.

Ou Tianci, karakana