Shangazi na Kiti cha Sera za Uchumi

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika makao makuu ya chama chetu, Mkurugenzi wa Sera za Uchumi anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Wote tunamwita Shangazi, hata mwenyekiti aliyemzidi umri. Mimi ni naibu wake, na kwa muda mrefu wenzangu mmekuwa mkinipongeza kwenye ngazi kwa kiti nitakachorithi. Nitafika huko.

Shangazi aliamini jambo moja bila kulichoka: kodi ipungue, na serikali itumie ilicho nacho. Wengi chamani walipenda ile nusu ya kwanza. Punguzo la kodi lilishangiliwa majukwaani, lakini kupunguza matumizi hakukuwa na mwenyewe.

Ndipo akatuletea utaratibu wake. Kwenye kamati, anayependekeza matumizi mapya husimama, na haketi mpaka ataje kitakachopunguzwa. Katibu mwenezi aliwahi kutetea uwanja wa michezo wa jimboni kwake akiwa wima mpaka chai yake ikapoa. Wapinzani walimbandika Shangazi jina la Mkasi. Alifurahi kwelikweli, akasema angalau wameisoma ilani yetu.

Tulipoingia madarakani, mawaziri wetu walishusha kodi kwa mbwembwe, kisha wakaagiza magari mapya. Aliwaambia usoni kwamba hilo si punguzo, ni deni la wajukuu. Walimnunia mwaka mzima, naye aliendelea kuwajulia hali watoto wao kama kawaida. Wala si bahili. Mpishi wa kantini alipofiwa, Shangazi ndiye aliyepitisha bahasha ya rambirambi, na waliotoa kiduchu walipitiwa mara ya pili.

Mwezi Aprili, kwenye kikao chake cha mwisho, alileta ombi la matumizi, la kwanza tangu nimfahamu: bima ya afya kwa madereva, walinzi na wafagizi wetu. Akasimama. Tukasubiri ataje cha kupunguza, akataja kiti chake. Idara yetu iunganishwe na ya utafiti, chini ya mkurugenzi aliyepo huko, na naibu abaki naibu. Ombi likapita kwa kura zote, na yangu ikiwemo, maana nilikuwa nimeduwaa.

Nilikasirika, siwafichi. Nilimfuata ofisini nikiwa nimejiandaa kwa maneno makali, nikamkuta anafuta machozi. Alisema hakuna mwingine aliyemtaka akalie kiti kile ila mimi, na alilijua hilo alipokuwa akikitaja. Hakuomba radhi.

Bima imeshaanza. Juzi mke wa mlinzi wa getini alijifungua kwa upasuaji, na kila asubuhi mlinzi ananisimamisha anionyeshe picha ya binti yake. Kiti bado nakitamani. Lakini kura ileile ningeipiga tena, safari hii kwa akili zangu timamu.

Shangazi, ahsante kwa yote. Kapumzike kwa afya na furaha tele, na ukipita mjini usiache kutuchungulia.