Changu Mwenye Sharubu

Katika chapa, basi dogo la abiria lililotoka Olumbi kwenda Palma, Cadija alikaa amekumbatia kapu la samaki. Alikuwa akiwapelekea wakwe wa binti yake, nao alikwisha kuwaahidi changu. Lakini mumewe, mvuvi wa bahari tangu ujana, siku hizi huvua kwenye bwawa dogo nyuma ya mashamba, jambo ambalo nyumbani kwao halitajwi.

Kando yake alikaa Lurdes, mtumishi wa serikali aliyehamishwa kutoka Zambézia. “Mama, samaki gani huyo?”

“Changu, dona.”

“Mimi nina hamu ya kambale. Kwetu mgeni wa heshima hupikiwa kambale wa nazi.”

“Kwenu,” alisema Cadija kwa upole. “Sisi watu wa pwani hatuli samaki wa matope.”

Kapu likatikisika.

“Changu wako bado yu hai?”

“Samaki wa bahari ana roho ngumu, dona.”

Abiria wawili wakakohoa kwa pamoja. Sharubu ndefu ikachomoza ukingoni mwa kapu, ikapapasa hewa. Cadija akairudisha ndani kwa kidole, akavuta leso juu yake.

“Changu mwenye sharubu!” Lurdes alisema. “Sijapata kumwona.”

“Baharini mna mengi.”

Chapa ikasimama Palma. Mama mkwe wa binti alikuwa barabarani, mikono tayari kupokea. Lurdes akatoa kichwa dirishani. “Bibi, leo mmeletewa changu wa nguvu! Mpikeni kwa nazi, na kifuniko mkikandamize.”

Cadija akateremka, asijue kama amesitiriwa au amefichuliwa.