Chupa za Papa Alphonse Hazikuwa na Matope

Ndugu, majirani, ketini tuwasomee maisha ya mtu mliyemjua, na mengine ambayo baadhi yenu mmejifanya kuyasahau. Alphonse Kalonda alizaliwa Likasi tarehe 9 Juni 1958, mtoto wa fundi wa reli aliyetoka Kasai.

Alisoma kwa mapadre, akapata diploma mwaka 1978. Huko padre mmoja Mbelgiji alimfundisha kupika bia nyeusi ya kwao, ile inayochacha mara ya pili ndani ya chupa.

Alifundisha kemia katika shule ya mtaa wa Kampemba mpaka alipostaafu. Bia aliipikia nyumbani, kwa ajili ya sikukuu na wageni.

Mwaka 1986 alimwoa Mama Germaine, naye bwana harusi akaficha chupa chini ya kitanda. Joto likazidi, zikapasuka, bibi harusi akauliza:

"Papa, ni vita?"

"Ni sukari tu, mama. Nilizidisha."

Ndipo akachimba shimo nyuma ya jikoni. Chupa zikishapata gesi ndani ya nyumba, alizilaza humo mchangani, juu yake magunia yaliyoloweshwa maji. Waliomcheka kwa kukosa friji aliwajibu, maana umeme wetu hukatika kila siku: "Frigo bila courant, si kabati tu? Udongo haikatikake."

Kisha moyo ukaanza kumsumbua. Alifariki hospitalini tarehe 2 Agosti 2025, Mama Germaine akiwa amemshika mkono. Neno lake la mwisho juu ya bia lilikuwa: "Zile za mushimo, mufungue siku ya kutoka kilio. Mbele ya ile, hapana." Yaani siku matanga yanapoisha, si kabla.

Sasa tuseme wazi. Mwili ungali morgue ya hospitali, mdogo wake Dédé alishika jembe, akafukua, akazisukuma chupa kwa toroli zikigongana njia nzima, akawamiminia watu wa kilio. Nao wakasema nini? "Bia ya Papa iko na matope. Ni ile ilimuua."

Matope! Ile ni chachu mliyoitikisa wenyewe. Mngeiacha, ingetulia chini. Marehemu hakumpa mtu chupa isiyotulia, hata siku moja. Kilichomuua ni moyo, daktari alisema, na ninyi mlisikia. Jina la maisha mazima mnalichafua kwa glasi moja?

Mama Germaine alifunga kitenge kiunoni, akazifukia zilizobaki kwa mikono yake, akalowesha magunia. Zitafunguliwa siku ya kutoka kilio. Aliyesema matope atakunywa wa kwanza, mbele yetu sote.

Ameacha mjane, Mama Germaine, watoto wake Merdi na Angélique, wajukuu, na mdogo wake Dédé, tuliyemwandika hapa kwa sababu damu haifutwi.

Lala kwa amani, Papa Alphonse. Na safari hii, mtu asifukue.