Jumamosi ya Bai

Jumamosi ile klabu ya Kurrabin ilikuwa na bai. Timu za ligi yao, ya kandanda ya Kiaustralia inayochezwa na watu kumi na wanane kila upande, ni tisa, kwa hiyo kila wiki timu moja hukosa mpinzani ikabaki nyumbani. Merv Pascoe, katibu wa klabu, aliyeitwa Shomoro tangu ujanani kwa wembamba wa miguu yake, aliwahi benchi la nje ya duka la mikate. Jua la kipupwe lilikuwa limejilaza juu ya maghala ya ngano, barabara haina hata gari moja, mji umesinzia macho wazi. Rafiki zake, Redio na Daktari, walimkuta amekumbatia kikombe cha kahawa, hajanywa. Jana kamati ilikuwa imekata shauri, na yeye ndiye aliyetwishwa kulisema. Lilikuwa halijamtoka.

— Hivi bai maana yake nini hasa? aliuliza Redio, ambaye hajawahi kunyamaza dakika mbili mfululizo.

— Kuaga, alisema Daktari, aliyepata jina hilo kwa kumtibu kondoo mmoja akafa. — Unapunga mkono, bai, unaenda kulala.

— Acha zako! Nani anaaga kabla hajafika? Bai ni kununua, buy ya Kiingereza. Zamani klabu tajiri zilikuwa zinanunua Jumamosi, wachezaji wakakate manyoya ya kondoo. Waandishi ndio waliokosea herufi.

— Wahenga walishasema, mgeni njoo mwenyeji apone.

— Mgeni si hajaja, we!

— Ndiyo maana tumepona. Cheki magoti yangu.

Shomoro alicheka kidogo. Daktari akashusha sauti.

— Sasa niwape ya ukweli. Siku ya bai tunacheza. Tunacheza na Berriwon.

Berriwon ilikuwa klabu ya jirani. Ilikufa mwaka wa ukame, na uwanja wake siku hizi unalimwa ngano.

— Saa hizi wako uwanjani, kumi na wanane kamili. Ukiona ngano inainama na upepo hakuna, ujue mtu kaufuata mpira.

— Nani anashinda?

— Wao. Miaka ishirini hawajafungwa.

— Toka hapa! Asiyekuwepo na lake halipo.

— Lake lipo. Kombe tu ndilo halipo.

Shomoro alifumba macho. Akawaona kweli, wanaruka kimyakimya juu ya masuke, mikono imenyooka. Alipowatazama usoni, hawakuwa wa Berriwon. Walikuwa vijana wake wa Kurrabin.

— Samahani, wazee wangu.

Alikuwa Sefina, muuguzi mpya wa zahanati, aliyetoka Samoa wiki iliyopita. Alikuwa na mkate wa moto kwapani.

— Timu ya hapa inacheza lini tena? Nataka kuja kushangilia.

Redio akamgeukia katibu ajibu. Katibu akatazama kahawa yake.

— Shomoro? alisema Daktari. — Jibu basi, mama wa watu anangoja.

— Wachezaji wamebaki kumi na mmoja, na wanatakiwa kumi na wanane, alisema Shomoro. — Nimepiga simu kila shamba, hata kwa walioacha kucheza. Jumatatu napeleka barua ya kujitoa kwenye ligi.

Redio alinyamaza. Dakika mbili zikapita, pengine na zaidi.

— Na wale tuliokuwa tucheze nao wiki ijayo? aliuliza Redio hatimaye.

— Watapata bai.

Daktari alisogea, Sefina akaketi ukingoni mwa benchi, akaumega mkate vipande vinne, akaanza kwa kumpa Shomoro.