Kilo Ishirini na Moja

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenza wa marehemu, poleni kwa msiba na poleni kwa jua hili, mimi ni mdogo wake anayemfuata, dereva wa teksi ambaye wengi wenu nimewahi kuwapakia, na familia imenikabidhi karatasi hii niwasomee historia ya kaka yangu. Nitaisoma kama ilivyoandikwa, ila kuna mahali karatasi imenyamaza, na hapo nitasema mwenyewe, kwa ruhusa ya shemeji yangu, mjane wa marehemu, ambaye jana aliniambia nisifiche kitu.

Marehemu alizaliwa Jumamosi tarehe 14 Machi 1959, alfajiri, katika chumba cha nyuma cha nyumba ileile tuliyotoka na jeneza asubuhi hii, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa baba yetu fundi seremala na mama yetu muuza vitambaa, na mama alipenda kusema kwamba huyu alikuwa na haraka tangu mwanzo, maana alifika kabla mkunga hajavua viatu.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, akaendelea na sekondari kuanzia 1973 hadi 1976, na ni mwaka huo wa 1973, alipoanza sekondari, baba alipomnunulia baiskeli iliyokwisha tumika, nyeusi, nzito, yenye uzito wa kilo kumi na nane, ndiyo ile mnayoiona imeegemezwa pale ukutani, na hakuwahi kuwa na nyingine, ingawa fundi wake wa baiskeli, ambaye yuko nasi hapa, anaapa kwamba kilichobaki cha asili ni fremu na kengele tu. Mwaka 1978 alipata cheti cha ukarani, na tarehe 2 Mei 1979 aliajiriwa kuwa karani wa mizani katika kiwanda cha mafuta ya kula, kilomita saba kutoka nyumbani, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na tisa bila kuchelewa hata mara moja, akiingia getini saa moja kasorobo kila asubuhi, mpaka walinzi wakampa jina la Bwana Kasorobo, na wengine hapa, nina hakika, hamlijui jina lake la kuzaliwa mpaka leo.

Wale wasioijua kazi ya mizani, niwaeleze kidogo, kwa sababu mengine yote yanategemea hapo. Kabla gunia la kwanza la mbegu halijapimwa, sheria inataka mizani ijaribiwe kwa kitu ambacho uzito wake unajulikana, na jiwe la kupimia la kiwanda lilipotea mwaka 1980, meneja akaahidi jipya wiki ijayo, na wiki hiyo haijafika mpaka leo, basi kaka yangu akaona asihangaike, akawa anapanda na baiskeli yake juu ya mizani ya magunia, anakaa kwenye tandiko, anashika nguzo kwa vidole viwili, anasoma mshale, na kuandika kwenye daftari la majaribio, mimi na baiskeli, kilo themanini na nne.

Tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa na shemeji yangu, fundi cherehani, na ndoa yao ilidumu takribani miaka thelathini na saba, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kusikia sauti ikipanda ndani ya nyumba ile, isipokuwa sauti ya cherehani. Walijaliwa watoto watatu, binti aliyezaliwa tarehe 9 Februari 1984, na wana wawili, wa 1987 na wa 1993, ambao wote wapo hapa na wake zao. Kuhusu yule binti, karatasi inasema tu kwamba alitangulia mwaka 1991, halafu inaruka kwenda kwenye ugonjwa wa marehemu, na hapa ndipo ninapoikunja karatasi.

Binti yule tulimwita Chiriku, kwa kuwa hakunyamaza, alizungumza akila, alizungumza usingizini, na alipoanza shule mwaka 1990, shule iliyo jirani na kiwanda, ikawa baba yake anampakia kila asubuhi kwenye keria, juu ya kimto cha buluu alichoshonewa na mama yake. Walikuwa na mchezo wao, baba anasukuma baiskeli kwa njia ya kuzunguka, yeye anakimbia kwa ngazi za kichochoro, na lazima yeye afike kwanza kwenye kona ya kinu cha kusaga unga, asimame pale kwenye nguzo ya umeme, ili baba akifika saa kumi na mbili na dakika ishirini amwambie kwamba amechelewa. Wakifika kiwandani hakutaka kushuka mpaka naye apimwe, basi daftari la majaribio la wakati ule linaandika, mimi, baiskeli na Chiriku, kilo mia moja na tano, maana yeye na mkoba wake walikuwa kilo ishirini na moja, na alijivunia uzito huo kama mtu aliyepewa cheo.

Mwezi Juni 1991 kiwanda kilimpandisha marehemu cheo na kumpa gari la kampuni, na mtu aliyemfundisha kuendesha ni mimi, mimi niliyemcheka kwa miaka kwamba anatoa jasho kama punda na wenzake wanakwenda kazini na suruali kavu, na mimi ndiye niliyemshauri alilaze gari nyuma ya nyumba usiku ule, mtoto asilione, iwe zawadi ya kumshtua. Asubuhi ya Jumanne tarehe 11 Juni kulikuwa na ukungu, Chiriku akakimbia kwa ngazi kama kawaida yake, kaka akazunguka na gari, mikono imekakamaa kwenye usukani, akili yote iko kwenye gia, vioo vimejaa mvuke, naye mtoto pale kwenye nguzo alikuwa akiitazamia baiskeli, hakuwa na sababu ya kutazama gari. Baba alimpita mwanawe kwa umbali wa mita mbili.

Alifika kiwandani mapema, akafurahi, akasimama juu ya mizani kufanya jaribio, na mshale ukasimama kwenye sitini na sita, na alikuwa amekwisha kuandika sita ya kwanza ndipo akakumbuka ni nani hayupo. Daftari lile nimelishika kwa mikono yangu, sita moja, kisha mstari wa kalamu unaokwenda mpaka ukingoni mwa karatasi. Chiriku alikuwa amechoka kusubiri, akaamua kumfuata baba yake kwa miguu kwenye barabara isiyo na njia ya waendao kwa miguu, na dereva wa lori hakumwona katika ukungu, na daktari alituambia kwamba hakupata maumivu ya muda mrefu, maneno ambayo tuliyashika kwa sababu hatukuwa na kingine cha kushika.

Kaka alirudi kazini Jumatatu tarehe 24 Juni, kwa baiskeli, funguo za gari akaziweka juu ya meza ya meneja pamoja na barua ya cheo, na tangu siku hiyo hakuendesha gari tena. Kila asubuhi alifika kona ya kinu saa kumi na mbili na dakika ishirini, akashusha mguu wa kushoto chini, akasubiri bila kugeuka, kwa muda wa mtu kupanda na kujiweka sawa, kisha akakanyaga pedali akaenda zake. Majirani wa kinu mlimwona, mkadhani anapumzika. Na asubuhi ile ya kwanza alipopanda juu ya mizani, keria tupu, kimto tu, mshale ulisimama kwenye mia moja na tano.

Naona mnatazamana, nami nilitazama hivyohivyo. Wenzake waliokaa upande ule wanajua, kwa sababu meneja aliona daftari akasema mizani imeharibika, akaletwa fundi wa mizani na mawe yake yenye mhuri, mara ya kwanza 1991, mara ya pili 1998, mara ya tatu 2009, na mara zote tatu akakuta mizani ni sahihi kabisa. Mpakizi mkuu aliniambia kwamba marehemu alinenepa, akakonda, namba zikapanda na kushuka naye, lakini ukitoa uzito wake na wa baiskeli zilibaki ishirini na moja, mwaka baada ya mwaka, hazikuongezeka hata nusu kilo, na kwamba wao walikubaliana tu kutolizungumza jambo hilo, na kutomruhusu mtu yeyote kuweka mzigo juu ya keria ile. Fundi wa baiskeli naye, kwa ukali wake wa kawaida, alimgombeza kila mara kwa kupakia abiria kwenye springi zilizochoka, na kaka akajibu kwamba abiria wake si mzito. Shemeji alibadilisha kimto kila mwaka, buluu ileile, kwa kuwa kilibonyea katikati, na jioni hakumuuliza mumewe kama amefika salama, alimuuliza kama wao wawili wamefika salama, na mimi kwa ujinga wangu nilifikiri ni kuteleza kwa ulimi.

Nilimcheka, ndugu zangu, sitaficha, nilisimamisha teksi yangu kando yake kwenye mvua nikapaza sauti, "Kaka, utalowa mpaka mifupa, na mimi nina gari!" na yeye alinijibu kwa utulivu kwamba nina gari, ni kweli, na akaendelea.

Marehemu alianza kuugua figo mwezi Mei 2018, akatibiwa hospitali kuu, na madaktari walimkataza baiskeli mwezi Juni, akawaitikia vizuri mbele yao, akaendelea mpaka Ijumaa tarehe 31 Agosti, siku ambayo alifika nyumbani akiwa ameishikilia baiskeli kama mgonjwa anayeshikilia mgonjwa mwenzake. Jioni ile aliniita chumbani, akanieleza yote niliyowaeleza, akaniomba nimchukulie mtoto kila asubuhi mpaka yeye apate nafuu, akasema, "Usimwache asimame sana, mdogo wangu, na usigeuke nyuma."

Jumatatu tarehe 3 Septemba nilikwenda na teksi, kwa sababu ya goti langu na kwa sababu sikuamini, nikasimama kwenye kona, nikafungua mlango wa nyuma, nikaona aibu, nikaufunga. Niliporudi nikamwambia kwamba kila kitu kimekwenda vizuri, na yeye akageukia ukutani akasema kwamba nimekwenda na gari, na kwamba mtoto halijui gari. Kesho yake nilikwenda kwa baiskeli. Nilishusha mguu wa kushoto pale penye nguzo, dakika ishirini kamili, na baada ya pumzi mbili tatu springi za keria zikalia, usukani ukawa mwepesi mikononi mwangu kama unavyokuwa mtu akikaa nyuma, na nikasikia, sitaapa lakini nitasema, mkoba ukigonga chuma. Sikugeuka. Kiwandani wakanipandisha juu ya mizani, mimi kilo themanini, baiskeli kumi na nane, na mshale ukasimama mia moja na kumi na tisa, na mpakizi mkuu akavua kofia.

Nilimchukua siku zote za kazi kwa wiki sita na zaidi, na hofu ya kwanza ikaniisha, ikaja nyingine iliyo kubwa zaidi, ya kwamba kaka akifa, na mimi nikichoka na goti langu hili, nani atakwenda kona ile, na mtoto atasimama pale mpaka lini. Kaka naye alikuwa na hofu hiyohiyo, nayo ndiyo iliyomzuia kuondoka, nasema haya mbele ya daktari wake, ambaye alituambia kwamba hajui mwili ule unaishi kwa nini.

Alhamisi iliyopita, tarehe 18 Oktoba, nilisimama kwenye kona saa kumi na mbili na dakika ishirini, nikashusha mguu, nikasubiri, na hakuna aliyepanda. Nilisubiri mpaka kinu kikafunguliwa, na mwenye kinu akaniuliza kama nimeharibikiwa, nikakanyaga kwenda kiwandani na baiskeli nyepesi mno, nikapanda juu ya mizani, kilo tisini na nane, mimi na chuma tu. Nikadhani nimempoteza kwa mara ya pili. Ndipo simu ikalia, na shemeji akaniambia kwamba mumewe ameondoka, na kwamba kabla ya kuondoka aliutoa mguu wa kushoto nje ya blanketi, akaukanyagisha sakafuni, akasubiri kidogo huku akitabasamu, kisha akaurudisha juu, na saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na mbili na dakika ishirini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali kuu, majirani waliopika na kulala nasi, mwenye kinu, fundi wa baiskeli aliyekataa malipo, fundi wa mizani aliyesafiri kuja kusimama nasi, uongozi wa kiwanda, na wapakizi waliokaa kimya miaka ishirini na saba kwa heshima. Wamechimba kaburi kando ya lile dogo, na asubuhi hii shemeji amekifungua kimto cha buluu kwenye keria, akakiweka ndani ya jeneza kwa mkono wake.

Kaka, mimi ndiye niliyekufundisha gari, nisamehe. Leo asubuhi nimepita kwenye kona kwa miguu, nimesimama pale kwenye nguzo kwa muda mrefu, na hakuna mtoto anayesubiri. Pumzika kwa amani, naye apumzike nawe, maana safari hii hukuchelewa.