Land Rover ya Baba Niliyomkabidhi Mdogo Wangu

Kamwene, wapendwa. Mama mwenyekiti ameniomba nisimame, nami miaka miwili nimemkatalia. Leo nitasema. Majina ya watu nitayaacha.

Marehemu baba yangu alikuwa bwana shamba. Alituachia nyumba hapa Ipogolo na Land Rover moja ndefu, ya milango minne, aliyopandia milima ya Kilolo miaka yote ya kazi yake. Alipofariki, ilibaki bandani. Kuku wakataga kwenye viti, magurudumu yakazama ardhini. Kila mpita njia alisema, uza chuma chakavu hicho. Sikuweza.

Mdogo wangu wa mwisho anaishi Mbeya. Mama yetu alifariki yeye akiwa darasa la tatu, nikamlea mimi. Siku moja akaja, akalizunguka lile gari, akaniambia, "Dada, mimi nilizaliwa humu ndani, mama akikimbizwa hospitali. Nipe nilifufue. Kuna gereji Mwanjelwa, mafundi wake wanayajua magari ya zamani."

Ndugu zangu, nililia kwa furaha. Nikampa gari, nikampa na kadi yake ya umiliki. Nikauza na ng'ombe wangu wawili apate pa kuanzia.

Kwa mwaka mzima na zaidi alinitumia picha kwenye simu. Boneti imepigwa rangi. Taa mpya. Nilizionyesha hata hapa kanisani, mnakumbuka. Kisha ikaja picha ya ubavuni, na gari lile lilikuwa na milango miwili.

Sitawadanganya. Niliona siku ileile. Nikajiambia labda ni pembe ya picha. Nilikaa nayo mwezi mzima nikijidanganya, kwa sababu kukubali nilichokiona kulimaanisha kumpoteza mtoto niliyemlea.

Mwisho nikapanda basi bila kumwambia mtu. Pale gereji nikamkuta fundi mmoja mtu mzima, nikamwambia mimi ni dada yake fulani, nimekuja kuona gari letu. Akaweka spana chini.

"Mama," akasema taratibu, "yule alituambia dada yake amefariki. Ndiyo maana gari limekuwa lake."

Akanipeleka nyuma. Lilikuwa limelazwa juu ya matofali, bodi tupu na chesisi. Injini ilikuwa imeuzwa Makongolosi, huko inazungusha karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Picha nilizotumiwa zilikuwa za gari la mteja mwingine.

Nikampigia mdogo wangu simu, akaja. Hakukana.

"Dada, lilikuwa chuma tu. Nilikuwa na shida."

"Ungeniambia una shida, ningeliuza mwenyewe nikakupa hela. Na mimi je? Kwa nini uliniua?"

Akatazama chini.

Nilirudi nyumbani mgonjwa. Presha ikapanda. Kanisani nikaacha kuja, maana nitawaambia nini, baada ya zile picha? Nilimchukia, wapendwa. Niliomba apate mabaya, na nilikuwa namaanisha.

Kisha mama mmoja wa jumuiya yetu akaja na maharage yake kwenye ungo. Hakuniuliza kitu. Akakaa kuyachambua barazani kwangu, kesho yake akaja tena. Siku ya nne nikamweleza yote. Akasema, "Basi sasa tunajua wawili." Usiku ule nililala.

Wiki hiyohiyo yule fundi akanipigia. "Mama, nimelala chini ya gari lako nimegonga chesisi yote kwa nyundo. Haijaoza. Bodi ni aluminiamu, haishiki kutu. Ingekuwa imeoza ningekwambia uachane nalo. Hili linafaa, tutatafuta injini nyingine."

Nikamuuliza kwa nini anahangaika. Akasema, "Nililifungua kwa mikono yangu, nikiamini umekufa."

Safari hii nilikwenda mwenyewe. Kila nilipopata nafasi nilishuka Mwanjelwa, nikakaa kwenye kigoda nikatazama kila boliti. Na nikajifunza udereva, nikiwa na miaka hamsini na sita. Lilipokamilika nililileta mwenyewe, Makambako, Mafinga, mpaka hapa, polepole, malori yakinipita. Ndilo linalobeba kwaya na wagonjwa wetu sasa.

Ninamshukuru yule fundi. Ninamshukuru mama wa maharage, amekaa hapo na hataki nimtazame. Wenye magari ya wazee wenu bandani mnaniuliza kama inafaa kuyafufua. Nawaambia, gongeni chesisi kwanza. Ikiwa imeoza, liageni kwa heshima. Ikiwa nzima, simamieni wenyewe, na kadi ikae kwenye sanduku lako, hata kama anayeiomba umemnywesha uji kwa mkono wako.

Najua mnataka kuuliza kuhusu mdogo wangu. Alikuja Pasaka. Alisimama getini muda mrefu kabla ya kubisha. Akaomba msamaha, nikamwambia nimesikia. Zaidi ya hapo sikuwa na cha kumpa, na sitasimama mbele ya madhabahu niseme nilikuwa nacho. Tulipomaliza kula akaenda kulishika lile gari mlangoni.

"Dada, naweza kuliendesha kidogo?"

Nikamwambia, "Panda huku pembeni. Ninaendesha mimi."

Akapanda. Hapo ndipo tulipofika. Asanteni kwa kunisikiliza.