Daktari wa Meno Aliyeagiza Wenzake Wasome Bima Zao

Alhamisi, tarehe 9 Mei 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, wifi yangu alikuwa kliniki akimwonyesha mnunuzi jinsi kiti cha wagonjwa kinavyopanda na kushuka. Simu ikaita. Alikuwa muuguzi wa wodini.

“Mama, unaweza kuja?”

“Ameamka?”

“Njoo tu, mama.”

Wifi yangu aliketi kwenye kiti kile kile alichokuwa akikiuza. Mnunuzi akatoka taratibu, akasubiri kwenye ngazi. Ndivyo tulivyojua kwamba kaka yetu ametutoka.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1969, mtoto wa tatu kati ya watano, katika nyumba ya chumba na sebule nyuma ya kiwanda cha sabuni. Baba yetu alikuwa seremala, mama yetu mshonaji. Tangu utoto alipenda kuchungulia vinywa vya watu. Akiwa na miaka tisa alimwambia mchungaji mlangoni mwa kanisa, “Baba, jino lako la pili kutoka nyuma limetoboka.” Mama alimvuta sikio mpaka nyumbani. Jumapili iliyofuata mchungaji alihubiri na shavu limevimba, na mama akamwomba mwanawe msamaha.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1976 hadi 1982, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1994 alihitimu udaktari wa meno. Alifanya kazi hospitalini miaka minne. Tarehe 3 Juni 1998 alifungua kliniki yake, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vioo. Watoto wa mtaa walimwita Fungua Kidogo, kwa kuwa hilo ndilo alilowaambia kutwa nzima.

Alikuwa na mtindo wake. Akishamchoma mgonjwa sindano ya ganzi, alikuwa na dakika kama kumi za kusubiri. Katika dakika hizo alikunywa chai iliyopoa, alisali, alijaza fomu za shule, alijibu barua. Hata uchumba wake ulipatikana hapo. Msaidizi wake wa kliniki alikuwa akipanga vifaa, kaka akamwambia, “Tuna dakika nane. Nataka kukuoa.”

“Mng'oe huyu kwanza, nitakujibu.”

Mgonjwa, mdomo umekufa ganzi, akainua kidole gumba. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 18 Desemba 1999, na mgonjwa yule alikaa safu ya mbele. Mungu aliwajalia binti mmoja na mapacha wa kiume.

Ni katika dakika hizo hizo, Februari 2009, alipoweka sahihi mkataba wa bima. Ajenti alikuwa mwimbaji mwenzake wa kwaya, mtu mwema. “Daktari, sahihi tatu tu.” Kaka alivua glavu ya mkono mmoja, akasaini, akarudi kwa mgonjwa. Alikata bima ya maisha, bima ya matibabu ya familia, na bima ya kipato, ya kumlipa akishindwa kufanya kazi. Jioni hiyo alitamba mezani, “Hata mkono huu ukigoma, mtakula.” Tulimcheka. Tuliamini.

Mkono uligoma. Shingo iliyoinamia vinywa vya watu miaka ishirini na mitano ilibana mishipa, na vidole vya mkono wa kulia vikaanza kuishiwa nguvu. Ijumaa, tarehe 17 Januari 2020, alizima mashine katikati ya jino, akamwomba mgonjwa radhi, akamsindikiza kwa miguu hadi kwa daktari mwenzake. Hakutibu tena.

Kampuni ya bima ilijibu kwa barua ya ukurasa mmoja. Mkataba ulisema atalipwa akishindwa kufanya kazi yoyote. Haukusema kazi ya meno. Waliandika kwamba anaweza kufundisha, au kusimama dukani. Aliomba wafikirie upya. Daktari aliyempima, rafiki yake wa chuo, alimuuliza, “Niandike mkono hauwezi kitu kabisa, kaka?”

“Andika unashika kikombe. Si unauona unakishika?”

Alikataliwa mara ya pili. Akafundisha vipindi vitatu kwa wiki katika chuo cha wauguzi. Ilipofika Septemba 2023 hakuweza kulipia bima ya maisha na ada ya binti yake kwa pamoja. Binti alikuwa akisomea kazi ya baba yake. Alichagua ada. Desemba bima ya maisha ikafutwa. Februari mwaka huu madaktari walitwambia moyo wake umechoka.

Alilazwa tarehe 29 Aprili. Mimi dada yake nilipomtembelea, alinipa agizo ninalolitimiza leo: “Usije ukanisifu tu, wewe. Waambie wenzangu wasome karatasi zao wakiwa wamekaa, kila neno. Waulize, mkono ukishindwa meno nitalipwa, au nitaambiwa nikauze duka? Na wake zao wasome pia.” Nimewaambia. Kwetu sisi hakuna kitakachobadilika. Tumeomba sana, na hatujaona mlango.

Ameacha mke, binti mmoja, wana wawili, mama mzazi, kaka wawili na dada wawili.

Jumatano, tarehe 8 Mei, saa kumi na moja jioni, binti yake alifika wodini. Asubuhi ile alikuwa amerudisha ufunguo wa bweni, kwa sababu ada ya muhula haikupatikana. Ameniruhusu niseme.

“Unarudi lini chuoni?” baba yake alimuuliza.

“Jumatatu, baba.”

“Nauli unayo?”

“Ninayo.”

“Haya, mwanangu. Soma.”

Binti alimbusu kwenye paji la uso, akatoka kulia koridoni. Wifi yangu alimwombea mumewe, akamgeuza ubavu, akamwekea mto chini ya shingo. Kengele ya kumaliza muda wa wageni ikalia. Alimwambia, “Lala sasa, baba watoto.” Kaka akafumba macho. Hakusema tena na mtu. Bwana aipumzishe shingo yake, na mikono yake, na moyo wake.